Karatasi Nyeupe Mdomoni mwa Chupa

Ana mdomo lakini hana meno. Anaoga mara kumi kwa siku, na bado anatiwa motoni kabla hajaaminiwa. Ni nani huyo?

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya afya ya serikali, ile ya barabara ya nyuma yenye ukuta wa matofali mekundu, angejibu bila kukuna kichwa kwamba ni chupa. Na angeulizwa aliyekitunga kitendawili hicho ni nani, angejibu hivyo hivyo bila kukuna kichwa kwamba ni Mama Chupa, kwani kuna mwingine?

Mama Chupa aliosha vyombo vya maabara ile kwa miaka thelathini na minane. Aliingia mjane kijana, ana watoto watatu na elimu ya msingi, akatoka bibi mwenye mvi. Vidole vyake vililiwa na sabuni na soda hata mistari yake ikafutika. Siku ya kuandikishwa kitambulisho kipya, mashine ilimkataa mara nne. Karani akamwambia, "Bibi, wewe hata ukiiba hukamatwi." Foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka nao. Lakini njia yote ya kurudi nyumbani neno lile lilikwenda naye kama kijiwe ndani ya kiatu.

Mwaka huu maabara ilikuwa inatimiza miaka sabini. Wizara ikaona iandikiwe kitabu, ikamtuma mwandishi wake, mtu mwembamba mwenye miwani na daftari la kurasa nyingi, awatafute wazee waliobaki. Wazee wenyewe walikuwa wamekwisha kupukutika. Ndipo Jumanne moja, alasiri, akafika nyumbani kwa Mama Chupa. Mkamwana wake akamtengea chai.

"Tuanze mwanzo, bibi," Mwandishi alisema. "Nimeambiwa maabara ilianza katika stoo ya magunia."

"Stoo ya chumvi," Mama Chupa akamsahihisha. "Ndiyo maana kuta za chumba cha kwanza zilikuwa zinatoka jasho kila mvua zikianza. Ukipaka rangi leo, mwezi ujao inabanduka kama ganda la kitunguu. Mimi sikuyakuta hayo ya mwanzo, nilihadithiwa na mlinzi. Kulikuwa na darubini moja, meza mbili, na kondoo."

"Kondoo?"

"Wa kutolewa damu. Vijidudu navyo vinakula, mwanangu, na vingine vinapenda damu. Kila Jumatatu anatolewa kidogo, wiki nzima anakula majani ya serikali. Walimwita Mheshimiwa, maana hafanyi kazi yoyote na kila mtu anamtaka awe mzima."

Mwandishi alicheka hadi miwani ikamteremka puani. "Hilo sitaliandika, bibi."

"Liandike. Historia isiyo na kondoo ni barua ya kuombea kazi."

Basi akamsimulia. Miaka ya ndui, wauguzi walipokuwa wakileta maganda ya vidonda katika mikebe ya peremende. Mtu wa baiskeli aliyebeba sanduku la barafu kwenye kiti cha nyuma, akikanyaga pedeli kama anayefukuzwa, kwa kuwa barafu haijui kusubiri. Tanuri la kuchomea chupa, ambalo wote waliliita Bi Mkubwa kwa sababu akinguruma kila mtu anampisha. Mkuu wa kwanza aliyemkuta kazini, mzee aliyevaa koti jeupe lenye viraka vyeupe, ambaye kila mfanyakazi mpya alimwambia neno lile lile: "Chupa ni shahidi. Shahidi akitiwa kitu mdomoni, hakimu afanye nini?"

Mwandishi aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Kisha akatoa karatasi zilizopigwa chapa.

"Historia yenu ni njema, bibi. Kuna doa moja tu. Nikusomee uniambie kama nimekosea." Akasoma: "'Katika mwaka wa ugonjwa wa kuhara wa mtaa wa Bondeni, maabara ilipata aibu kubwa kutokana na uzembe wa mpimaji mmoja, aliyetangaza kwamba maji ya kisima ni salama bila kuyatazama ipasavyo. Mpimaji huyo aliachishwa kazi.'" Akainua macho. "Ulimfahamu?"

Mama Chupa aliweka kikombe chini. "Nilimfahamu."

"Alikuwa mzembe kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Faili."

"Faili halina macho." Akalivuta pindo la khanga yake, akaliachia. "Kitabu kinaingia mtamboni lini?"

"Ijumaa."

"Basi njoo keshokutwa, saa nne asubuhi. Ukurasa huo usiupeleke popote."

Mwandishi alipoondoka, mkamwana alitoka jikoni akishika kiuno. "Mama, umemtoa mgeni mbio na chai yake haijapoa. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kanikumbusha."

"Kukumbushwa nako ni kosa?"

"Inategemea umesahau nini, mwanangu. Na mimi sijasahau."

Mpimaji wa kwenye faili, kazini walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kuyasoma maji, na katika kuyasoma hakuwa na mwenzake. Maji ya kisima yakiletwa, humiminwa kidogo kidogo katika vichupa vyembamba vyenye supu ya kulishia vijidudu, ya rangi ya zambarau, na ndani ya kila kichupa kuna kichupa kingine kidogo kilichosimama kichwa chini. Vinafunikwa kwenye joto siku mbili. Maji yakiwa machafu, zambarau hugeuka njano, na yule mdogo wa ndani anapata pumzi, kipovu cha hewa juu yake. Yakiwa safi, zambarau inabaki zambarau. Wengine walisoma kwa kuinua kichupa kimoja kimoja dirishani. Jicho alipita mbele ya ubao wa vichupa kama mtu anayepita mbele ya duka, kisha anasema, "Saba wamelewa, watatu wazima," na ukihesabu unakuta saba na watatu.

Chumba chake kilipakana na karo la Mama Chupa, ukuta ukiwa na dirisha dogo la kupitishia vyombo. Dirisha hilo ndilo lililokuwa barabara ya vitendawili. Huyu atatega asubuhi, yule atakaa nacho hadi mchana, akishindwa atadaiwa mji. Jicho alikuwa amekwisha kumpa Mama Chupa miji yote aliyoijua, akaanza kumpa vituo vya reli.

Na chupa zilikuwa na sheria. Mara saba maji ya bomba, mara tatu maji ya mvuke, kofia ya karatasi mdomoni, kamba shingoni, kisha kwa Bi Mkubwa saa nzima. Zikitoka huko, karatasi inakuwa imegeuka rangi, kama mkate uliokaangwa kidogo. Karatasi ya kahawia maana yake chupa imepita motoni. Jicho hakufungua chupa hata moja kabla ya kuitazama kofia yake.

Sasa wiki ile ya Bondeni, Jicho alikuwa safarini tangu Jumanne, na Mkuu alikuwa mikutanoni. Jumatano waya wa tanuri ukaungua. Fundi akaahidi kuja Alhamisi asubuhi, na ahadi ya fundi kila mtu anaijua. Ijumaa asubuhi Bi Mkubwa alikuwa bado baridi kama kaburi, chungu cha mvuke, ambacho nacho kingeweza kuua vijidudu, kimefungwa na ufunguo Jicho kaenda nao, na mlangoni akasimama dereva wa gari la afya, injini inanguruma nje.

"Mama Chupa, nipe chupa kumi na mbili. Watu wa Bondeni wanaharisha. Bwana afya ameshakifunga kisima, anangoja maji yapimwe."

"Tanuri limelala. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Bibie, wale watu wana matumbo, hawana kalenda."

Mama Chupa alizitazama chupa zake. Zilikuwa zimeoshwa, zimesuuzwa mara kumi, zinang'aa kama macho ya mtoto aliyetoka kuoga. Moto tu ndio haujazigusa. Akasema moyoni, moto kazi yake nini? Si kuua vijidudu? Hata dawa inaua. Akachukua ndoo, akatia klorini, vijiko viwili vilivyojaa, akazichovya zote kumi na mbili hadi shingoni. Akaziinamisha zichuruzike. Kuzisuuza hakuzisuuza, kwa sababu aliona maji ya bomba yatarudisha kile alichokwisha kukiua. Akazivika kofia, akafunga kamba. Alifanya kwa huruma, na alifanya kwa usafi, na hapo ndipo alipopotelea: alidhani chupa safi ni ile inayoua. Kumbe chupa ya maabara haitakiwi kuua wala kuzaa, inatakiwa ifike na kile ilichopewa, basi.

Alasiri Jicho alirudi kutoka safarini, akayakuta maji ya Bondeni kwenye barafu mezani kwake. Akachukua chupa ya kwanza, akaigeuza. Mama Chupa alikuwa anasugua karo upande wa pili wa dirisha.

"Dada," Jicho aliuliza, "karatasi hii mbona nyeupe?"

Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja. Angesema, kaka, tanuri bovu, maji yale yangemwagwa na mengine yangechotwa. Lakini Jicho alikuwa na vumbi la safari hadi kwenye nyusi, na Mama Chupa aliona haya kuonekana kavunja sheria siku chache tu alizoachwa peke yake. Na dawa ilikuwa imeua, alikuwa na uhakika.

"Karatasi mpya, kaka," akasema. "Bunda jipya, gumu kuiva."

"Aa," Jicho akasema, akakata kamba. Harufu ya dawa ilikuwa jengo zima siku hizo za kuhara, hata kwenye chai. Haikumshtua.

Jumapili alikuja kusoma. Vichupa vyote zambarau, hakuna hata mmoja aliyepata pumzi. Akatazama, akatia saini. Jumatatu bwana afya akakifungua kisima, na watu wa Bondeni, ambao siku tatu walikuwa wakinywa maji ya kuchemsha kwa shida ya kuni, wakashukuru, wakachota.

Wakafa tisa. Wanne kati yao hawakuwa wamefikia umri wa kwenda shule.

Maji yakachotwa upya, safari hii kwa chupa zilizotoka kwa Bi Mkubwa, maana fundi alikuja Jumamosi na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba tanuri liliwahi kulala. Kulipokucha, hata siku mbili hazijatimia, vichupa vyote vilikuwa njano kama manjano ya kupikia. Mama Chupa aliviona kupitia dirisha dogo. Jicho alikuwa amesimama mbele ya ubao wake akisema polepole, "Maji yale yale. Kisima kile kile." Na yeye mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, na pale pale ndani ya yale maji ikapata baridi.

Wakaja watu watatu wenye tai. Wakamweka Jicho chumbani kwa Mkuu saa nne nzima. Mama Chupa alikuwa kwenye ukumbi na fagio lake, akafagia mahali pamoja hadi sakafu ikachoka. Alikuwa tayari. Wangemwita angesema, hivyo ndivyo alivyojiambia siku hiyo, na mwaka uliofuata, na miaka thelathini na moja. Lakini hawakumwita. Nani anaita ndoo itoe ushahidi?

Alisikia sauti moja kupitia mlangoni: "Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Vyote zambarau?"

"Vyote."

"Basi ulikuwa unatazama nini, bwana?"

Jibu hakulisikia. Jicho alitoka na mkoba wake na kile kimto cha kukalia alichoshonewa na mkewe. Alipofika dirishani akasimama. "Dada," akasema, "niombee macho yangu." Mama Chupa akalia sana, na watu wakasema, tazama yule mama anavyompenda mwenzake.

Basi Jumatano, siku moja baada ya Mwandishi kuja, Mama Chupa akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa Jicho.

Hawakuwa wamepotezana. Walikutana misibani na arusini, wakasalimiana, wakaulizana watoto. Jicho baada ya maabara alikuwa mlinzi wa lango la shule, na sasa alikuwa amestaafu na huko pia. Mkewe alikuwa mshonaji. Walikaa vyumba viwili vyenye ngazi tano mlangoni, cherehani karibu na dirisha.

"Wifi, leo jua limetokea wapi?" mke alimpokea. "Karibu, karibu. Sogeza hayo mashati ukae. Mwenyewe yupo, ananihesabia vifungo."

Jicho alikuwa kwenye mkeka, sahani ya vifungo mbele yake. Alinyanyua mkono kuomba subira, akamaliza, akavirudisha vyote sahanini, akaanza upya.

"Mara mbili?" Mama Chupa aliuliza.

"Huyu kila kitu mara mbili," mke akasema. "Pale shuleni watoto walikuwa wanachelewa darasani kwa kuhesabiwa langoni. Hata wanawe walipozaliwa pacha, alihesabu, akatoka nje, akarudi akahesabu."

"Nilikuta wawili," Jicho akasema, "mara zote mbili." Akatabasamu. "Dada Chupa. Umekuja mikono mitupu, au umeniletea kitendawili?"

"Nimekileta, kaka."

"Tega basi. Lakini miji imeniishia, nakuonya mapema."

Mama Chupa alikuwa amekitunga njiani, kwa sababu kulisema jambo lenyewe wazi wazi alishindwa. Akatega. "Nina shahidi wangu. Akivaa kofia nyeupe, hasemi kweli."

Cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama. Jicho alikuwa na kifungo kati ya vidole viwili. Alikitazama mbele, akakigeuza nyuma.

"Karatasi mpya," akasema.

"Haukuwa upya wake, kaka. Tanuri lilikuwa bovu. Tangu Jumatano ile."

Akamweleza yote, dereva na ndoo na kamba. Hakujipunguzia wala hakulia, maana aliona kulia pale kungekuwa kuomba. Jicho hakumkatiza. Alipomaliza, mzee yule akauliza kwa sauti ya zamani, ile ya kupitia dirishani.

"Dawa kiasi gani?"

"Vijiko viwili kwa ndoo. Vilivyojaa."

"Ukasuuza?"

"Sikusuuza."

"Kwa nini?"

"Niliyaogopa maji ya bomba."

"Ukazikausha?"

"Niliziinamisha tu."

Jicho alitikisa kichwa taratibu, midomo ikihesabu. "Basi kilibaki kama kijiko kizima cha maji hayo ya dawa katika kila chupa. Kinatosha. Kinaua hata zaidi ya vijidudu vilivyokuwa ndani ya maji yale." Akakiweka kifungo sahanini. Uso wake ulifunguka, ukawa kwa kitambo kidogo uso wa yule kijana wa kupita mbele ya ubao. "Kwa hiyo zilikuwa zambarau."

"Zilikuwa zambarau, kaka."

"Zambarau kweli."

"Kweli. Nami niliziona."

Mke alikuwa amejifunika mdomo kwa shati la mteja. Jicho aliinuka, akaenda dirishani, akakaa huko akiwapa mgongo kwa muda mrefu. Aliporudi, ule uso ulikuwa umeondoka.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Siku waliyonifukuza nilikuja hapa, nikakaa kwenye ngazi, nikayapanga yote vidoleni. Barafu. Joto. Supu. Mkono wangu. Macho yangu. Na ile karatasi." Alihesabu kwa kidole kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho akakikunja. "Karatasi ndiyo niliyoitoa kwanza. Nilisema hiyo nilimuuliza Dada Chupa, akanijibu. Nikaendelea kutoa, nikatoa, nikabaki na macho. Kati ya macho yangu na neno lako, dada, nilichagua neno lako. Miaka thelathini na moja."

"Wifi," mke akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kukaribisha, "hawa watu tisa anawajua majina. Wote. Alikwenda kuyauliza Bondeni nyumba kwa nyumba, akatukanwa, akarudi siku ya pili. Kila mwaka siku zile zikifika hali chakula. Anasema ni wake."

"Si wake," Mama Chupa akasema. "Ni wangu."

"Ungemwambia yeye tu. Hao wenye tai ungewaacha. Ungekuja hapa hapa, ukakaa hapo ulipokaa, ukamwambia yeye."

"Najua, wifi."

"Unajua leo."

Hatimaye Mama Chupa alimwambia Jicho habari za kitabu na ule ukurasa, na kwamba Mwandishi anakuja kesho asubuhi, naye atamweleza yote. "Nami nimekuja kukuomba msamaha, kaka. Kwa kuwa sitaki uyasome haya kitabuni kabla hujayasikia kwangu."

Jicho alivimwaga vifungo kwenye mkebe bila kuvihesabu. "Mwambie aandike. Aandike na bunda jipya la karatasi, asiliache. La msamaha usiniulize leo. Unanijua, mimi jibu langu linahitaji siku mbili kwenye joto."

Hakumsindikiza. Mama Chupa alizishuka zile ngazi tano peke yake, akishika ukuta.

Alhamisi saa nne kamili Mwandishi alifika. Mkamwana alitenga chai, na safari hii hakwenda jikoni, alikaa. Mama Chupa alisema kuanzia waya wa tanuri hadi fagio la ukumbini. Katikati Mwandishi aliacha kuandika, akavua miwani, akaifuta.

"Bibi," akasema, "sherehe ni mwezi ujao. Jina lako liko la kwanza kwenye orodha ya vyeti. Mimi ninaweza kuifuta ile sentensi yote. Bondeni isitajwe. Hakuna atakayeumia."

"Ukifuta hivyo utakuwa umeosha bila kusuuza," Mama Chupa akamjibu. "Nami nimeshakueleza yanayotokea. Andika."

"Na cheti?"

"Mpeni Bi Mkubwa. Yeye siku aliyoshindwa kazi hakuficha, alizima watu wakaona."

Mkamwana alicheka kidogo, kisha akaona mama mkwe wake hacheki, akamshika mkono. Aliushika ule mkono usio na mistari, akaupapasa kama anayetafuta kitu alichoangusha.

"Jambo jingine," Mwandishi akasema kwa upole. "Faili linasema waliokufa ni 'baadhi ya wakazi'. Majina hayamo. Ningependa yawemo."

"Yapo kwa mtu," Mama Chupa akasema. "Lakini mimi si wa kumwendea tena."

Hakuhitaji kumwendea. Ijumaa asubuhi, siku mbili kamili tangu aliposhuka zile ngazi, mke wa Jicho alipiga hodi. Hakukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na majina tisa na umri wa kila mmoja, kwa ule mwandiko mdogo uliosimama wima, uliokuwa ukijaza vitabu vya maabara. Mama Chupa aliigeuza upande wa pili. Palikuwa patupu.

"Hakusema kitu?"

"Alisema nihakikishe yamefika," mke akajibu, akaondoka.

Basi hilo ndilo lililokuwa jibu, na Mama Chupa aliyekaa jirani na yule mtu miaka mingi alijua kulisoma. Alichompa kilikuwa cha wale tisa. Chake yeye, msamaha, hakikuwamo.

Kitabu kilitoka. Sherehe ilifanyika katika jengo jipya la vioo, mahali chupa siku hizi zinakuja zimefungwa kiwandani, zikitumika mara moja zinatupwa. Mama Chupa alikaa mstari wa nyuma. Hakuna aliyemzomea, na wachache walimsalimia kwa haraka ya watu wenye shughuli. Kondoo Mheshimiwa alikuwamo, ukurasa wa sita. Bondeni ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, na majina tisa yamepangwa moja chini ya jingine, na juu yake imeandikwa kwamba mpimaji alisoma sawasawa kile alicholetewa.

Alipewa nakala mbili. Moja akaifunga vizuri kwa karatasi, akafunga kamba kwa lile fundo lake la shingo ya chupa, akaenda nayo kwa Jicho, akisema moyoni hata akifukuzwa mlangoni, sawa.

Hakufukuzwa. Mke alimtengea kiti na chai. Jicho alikuwa kwenye mkeka na vifungo vyake. Alihesabu mara moja, akafunga mkebe.

"Siku hizi ni mara moja tu," mke alisema kwa sauti ya chini walipokuwa kando. "Macho yake ameyarudia. Lakini nikimwambia chai ina sukari, anaionja kwanza. Nikimwambia mvua imekatika, anatoka kwenda kuitazama. Zamani alikuwa haniulizi mara mbili."

Mama Chupa aliinamisha kichwa. Kisha akamsogelea Jicho, akampa kile kifurushi kwa mikono miwili.

"Kitabu, kaka. Ukurasa wa arobaini na moja."

Jicho alikipokea. Aliigeuza ile karatasi, mbele na nyuma. Ilikuwa nyeupe, mpya, haina hata mkunjo. Mama Chupa aliona macho yake yakitua juu yake, akangoja swali. Alikuwa na jibu la kweli safari hii, amelishika mdomoni kama mtoto aliyeshika somo lake.

Lakini Jicho hakuuliza. Aliichukua mikasi ya mkewe, akakata kamba mwenyewe, akafungua, akatazama.